Watu Wanne, Mbwa Mmoja na Nyumba ya Magurudumu

Saa nane ya usiku nimebanwa na haja ndogo, na njia ya kwenda chooni imezibwa. Aliyeiziba ana kilo 64, amelala chali miguu yote minne juu, na anakoroma kama mzee aliyeshiba pilau ya harusi. Jina lake Chapati. Ni mbwa wa aina ya Great Dane, wale ambao wakisimama kwa miguu ya nyuma wanakuzidi urefu. Nyumba yetu ilikuwa na urefu wa mita nane na nusu, upana usiofika mita tatu, na magurudumu sita. Tulikuwa watu wanne humo ndani. Ukimhesabu Chapati kwa nafasi aliyokuwa anaichukua, tulikuwa sita.

Mpenzi msomaji, usinicheke. Hii ilikuwa Juni 2024, Arizona, Marekani, na nilikuwa likizo!

Dada yangu anaishi Phoenix na mumewe, Mkenya wa Nakuru ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu. Miaka michache iliyopita walinunua gari-nyumba lililotumika, lenye vitanda, jiko, friji, choo na bafu. Ukichoka, unaegesha, unachemsha chai, unalala. Wamarekani wanayapenda magari haya kupita maelezo, na ukiangalia madirishani utaona kwamba nusu ya safari ni za mbwa. Kila dirisha lina pua.

Tulipomwambia dada kwamba tunakuja kuwatembelea, alijibu: "Tutawapeleka Grand Canyon. Siku tano. Ila na Chapati anakwenda, kashafika miaka saba na mbwa wa aina yake wengi hawafiki kumi. Mwaka huu haachwi."

Nikamsomea mume wangu ujumbe huo. Akanyamaza. Mnaomjua mwanamume wa Tanga mnaelewa ukimya ule una uzito gani.

Masharti kabla ya safari

Kwa wengi wetu mbwa ni wa nje. Analinda shamba, analala uani, na sebuleni hajui kukoje. Tumekua tukikimbizwa na mbwa koko njia nzima ya shuleni. Kwa mume wangu kuna na la dini: katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokilamba kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Sasa mtu huyu anaambiwa alale siku tano na mbwa mwenye ukubwa wa ndama.

Tulizozana kidogo. Yeye alisema, "Sitaki kuwa mgeni anayetoa masharti." Mimi nikamwambia bora masharti ya leo kuliko kununa siku tano ndani ya boksi. Mwishowe akapiga simu mwenyewe. Akamwambia shemeji yake kwa adabu zote: vyombo vyetu tutavitenga, Chapati asipande tunapolala, na mswala wangu uwe na mahali pake. Dada akacheka, akasema hayo mbona madogo. Naye akatoa yake: msimpe chakula cha mezani, msiache mlango wazi, na msimkimbie, maana mkikimbia ataona ni mchezo.

Ramani ya ndani ikapatikana hivyo. Sisi tulipewa kitanda cha juu ya dereva, ambacho kinapandwa kwa ngazi, na Chapati na ngazi ni maadui. Mswala ulitundikwa kabatini na kutandikwa nje, chini ya turubai la pembeni, upande wa pili na anapofungwa mbwa. Nyuma walilala wenyeji. Katikati, kwenye njia ya chooni, alilala mwenye nyumba halisi.

Mwendo wa mbwa

Tulitoka Phoenix saa kumi alfajiri, na kulikuwa na sababu. Joto la jiji lile si mchezo. Mwaka 2023 walipitisha mwezi mzima mfululizo, kila siku nyuzi 43 na kuendelea. Lami inakuwa kikaango. Kipimo ni rahisi: weka nyuma ya kiganja chako barabarani na uhesabu hadi saba. Ukishindwa wewe, nyayo za mbwa nazo zitaungua.

Kutoka Phoenix hadi Flagstaff ni kama kilometa 230, na sehemu kubwa ni kupanda. Unaanza kwenye mikakati mirefu ya jangwani iliyoinua mikono kama imekamatwa na polisi, unamalizia kwenye msitu wa misonobari, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukishuka garini unatafuta sweta. Fikiria umeondoka Dar asubuhi na mchana umefika Lushoto.

Tulitumia karibu saa sita, maana mbwa mkubwa hana haraka. Kila baada ya saa mbili lazima ashuke, anywe maji, ajinyooshe na anuse kila jiwe. Hali na kukimbia papo hapo, kwa sababu mbwa wenye kifua kirefu kama yeye wako katika hatari ya tumbo kujaa gesi na kujisokota, na hilo linaua ndani ya saa chache. Kwa hiyo anakula kidogo kidogo, anapumzika, ndipo anatembea. Gari likiwa mwendoni anafungwa mkanda wa kifuani ulioshikizwa chini, kwani kilo 64 zikirushwa mbele breki zikikanyagwa ghafla haziulizi nani kakaa kiti cha mbele.

Mwanzoni mwendo ule ulinikera. Siku ya pili nikagundua kitu. Kila tulipomshusha Chapati, na sisi tulishuka. Nilitembea na mume wangu dakika kumi na tano kando ya barabara tusiyoijua, bila simu, bila la kufanya. Mara ya mwisho kufanya hivyo Dar ni lini? Sikumbuki.

Ukingoni mwa Grand Canyon

Nimeona picha nyingi za korongo lile, na zote zinadanganya. Urefu wake ni kilometa 446, upana hadi kilometa 29, kina kinapita kilometa moja na nusu. Unafika ukingoni na macho hayana pa kushika. Mume wangu alisema "Subhanallah" kisha hakusema kingine kwa muda mrefu.

Kwa wenye mbwa, Grand Canyon ni rafiki kuliko hifadhi nyingi za Marekani, ila kwa masharti. Upande wa kusini mbwa anaruhusiwa kwenye njia za ukingoni na kwenye kambi, akiwa na kamba isiyozidi mita 1.8. Haruhusiwi kushuka chini ya ukingo, wala kupanda mabasi ya hifadhi. Tulikaa kambi ya Mather, katikati ya miti, ambayo haina umeme wa kuchomeka garini, lakini usiku ule wa baridi nani alihitaji kiyoyozi?

Basi wanandoa wanne wakagawana zamu. Asubuhi mimi na mume wangu tulishuka kidogo kwa njia ya Bright Angel, wakati dada na shemeji wakitembea na Chapati juu ukingoni. Kushuka ni raha tupu, kupanda ndiko kunakochukua muda mara mbili, kwa hiyo ukishuka nusu saa weka saa nzima ya kurudi. Mchana tukabadilishana. Dada na mumewe wakashuka, na kamba ya Chapati nikaachiwa mimi.

Weee! Nilidhani namtembeza mbwa, kumbe natembezwa mimi. Kila hatua kumi tulisimamishwa na watu. Wazee Wamarekani, wanandoa Wajapani, watoto. Ana umri gani? Anakula kiasi gani? Ukitembea peke yako katika nchi ya watu unaweza kumaliza siku bila kusalimiwa. Ukitembea na Chapati unakuwa mheshimiwa diwani.

Siku ya tatu tulifuata ukingo kuelekea mashariki hadi Desert View, kwenye mnara wa mawe uliochorwa na msanifu Mary Colter na kukamilika mwaka 1932, halafu tukateremka Cameron, tukarudi Flagstaff na kushika barabara ya mashariki. Hapo baridi ikatuaga.

Wali, maji ya moto na breka moja

Siku ya nne ilikuwa ya Petrified Forest, hifadhi yenye magogo yaliyogeuka mawe. Miti hiyo ilianguka zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, ikafukiwa na matope, na madini yakachukua nafasi ya mbao punje kwa punje. Leo magogo yamelala jangwani yakiwa na rangi nyekundu, njano na zambarau. Kuchukua hata kipande ni kosa la jinai. Hifadhi hii ni mojawapo ya chache zinazomruhusu mbwa kwenye njia zake za miguu. Tulikwenda asubuhi na mapema, tukamaliza kabla jua halijachacha, tukaegesha kwenye kambi moja ya binafsi huko huko jangwani. Ilikuwa saa nane mchana, nyuzi 36 kivulini.

Tulichomeka umeme, kiyoyozi kikaanza kuunguruma, Chapati akajitupa sakafuni. Mimi na dada tukaenda kufua kwenye mashine za kambi. Shemeji akaenda kununua gesi. Mume wangu akaenda ofisini kuulizia mtandao. Mbwa yuko kwenye ubaridi, mlango umefungwa, kila kitu bomba.

Baada ya kama dakika arobaini mume wangu alirudi ili aswali. Alikuwa bombani anatia udhu, akasikia kimya. Yale maunguruma hayapo.

Alipofungua mlango joto lilimpiga usoni kama la tanuri la mikate. Chapati alikuwa amelala karibu na choo, anahema mbio mbio, ulimi nje, mate mazito yanamtoka. Alijaribu kuinuka miguu ikakataa. Mume wangu, mtu ambaye kwa siku nne hajamgusa hata mkia, alimkumbatia tumboni, akamburura hadi kivulini, akafungulia mpira wa maji. Tumbo, makwapa, nyayo. Maji ya kawaida, si ya barafu. Alipiga ukelele nikausikia hadi kwenye mashine za kufulia. Nilipofika, alikuwa amekaa kwenye tope na kichwa cha mbwa kiko mapajani mwake.

Tulimkimbiza kwa daktari wa mifugo, tukiwa tumemfunika mataulo mabichi. Joto lake lilikuwa nyuzi 40.6, na hilo ni baada ya kumwagiwa maji. Kawaida ya mbwa haizidi 39 na ushee. Akawekewa dripu. Daktari akasema robo saa zaidi ingekuwa habari nyingine.

Nini kilitokea? Sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye somo. Umeme wa gari lile ulipita kwenye breka ya ampia 30 kwa volti 120, yaani wati 3,600 kwa mpigo. Kiyoyozi kinakula kama 1,500. Kabla ya kuondoka, dada aliona shemeji yake kala mikate siku nne bila kulalamika, akabandika wali kwenye sufuria la umeme, wati mia saba. Mumewe naye, bila kujua la wali, aliona wote tuna vumbi, akawasha hita ili tukirudi tukute maji ya moto. Wati 1,400. Jumlisha mwenyewe, kisha ongeza friji. Breka ikajizima, na kila kitu kikazimika nayo.

Hakuna aliyefanya ubaya. Wawili walifanya wema, kila mtu kimyakimya.

Usiku wa kununiana

Usipime usiku ule. "Wewe na hita yako!" "Wewe na wali wako!" Halafu ikaja ile ninayoiita vita ya pili, ambapo hoja si hita tena. Dada akasema, "Hujawahi kuniambia unachofanya. Unaamka, unawasha, unaondoka." Wakanyamaziana. Katika nyumba ya mita nane na nusu, watu wakinuniana hata friji inasikika ikipumua.

Sisi wageni tulitoka nje tukakaa kwenye viti vya kukunja. Mume wangu alikuwa ameoga na kubadili nguo, na alichota udongo pembeni akamalizia kuosha mikono kama anavyojua. "Udongo wa Arizona upo wa kutosha," akaniambia. Tukacheka kwa sauti ya chini, kama watoto msibani.

Karibu saa sita usiku shemeji alifungua mlango, akakaa kwenye ngazi. Dada akaja akasimama nyuma yake. Shemeji akasema, si kwetu, kwa mkewe: "Nimezoea kuendesha peke yangu. Kwenye lori hakuna wa kumwambia." Dada hakujibu. Alikaa naye kwenye ile ngazi nyembamba, wakabanana.

Wapenzi wasomaji, katika jarida hili tumeandika sana kuhusu mawasiliano katika ndoa. Mimi mwenyewe nimeyasomea chuo kikuu! Lakini mara nyingi tunadhani mawasiliano ni yale mazungumzo mazito ya usiku, machozi na "niambie unanipenda". Kumbe kuna haya madogo ya mchana: nimewasha hita, nimebandika wali, natoka, nani anabaki? Nyumbani kwenye vyumba vitatu mnaweza kuishi miaka bila kuyasema, kwa kuwa nafasi inawafichia. Gari-nyumba halifichi. Na mkiongeza kiumbe mkubwa asiyeweza kusema "nasikia joto", mnalazimika kusema kwa niaba yake, na mkishaanza, mnajikuta mnasema na ya kwenu.

Tulipomchukua Chapati asubuhi iliyofuata, mlangoni kulikuwa na karatasi. Mwandiko wa dada: *Kiyoyozi kikiwaka, hakuna kingine kinachowaka bila kuuliza. Anayetoka wa mwisho anasema kwa sauti. Mbwa haachwi peke yake zaidi ya dakika kumi na tano.* Chini yake shemeji ameweka sahihi kabisa, kama mkataba.

Kabla hamjawasha gari

Kama una ndugu Marekani au Ulaya, na mnafikiria safari ya namna hii na mbwa mkubwa, chukua haya:

- Cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kikae garini. Kambi nyingi zitakiuliza. Baadhi ya kambi za binafsi hazipokei aina fulani za mbwa, kwa hiyo uliza kabla ya kulipia.
- Kila hifadhi ina sheria yake. Nyingine mbwa haruhusiwi kuvuka maegesho. Soma kwanza, pangeni zamu.
- Gari lililofungwa juani linaweza kupanda nyuzi 11 kwa dakika kumi tu. Dirisha lililofunguliwa kidogo halisaidii kitu.
- Nunueni kifaa cha kupima joto kinachotuma ujumbe kwenye simu. Dada alikinunua wiki ile ile. Lakini kifaa si mtu.
- Mbwa akizidiwa na joto, mpoozeni kwanza kwa maji mengi, kisha mkimbieni kwa daktari.
- Mkiwa na mgeni asiyeishi na mbwa, msimcheke wala msimlazimishe. Mpeni sehemu yake na vyombo vyake.

Na sisi wa huku? Msijaribu kumpeleka mbwa wenu Serengeti. Mwaka 1994 ugonjwa wa virusi vya distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na ulihusishwa na mbwa wa kufugwa wanaoishi kuzunguka hifadhi. Kwetu marufuku ya mbwa hifadhini si ukoloni wala ubaguzi. Ila barabara ya kwenda milimani ipo, na maji, kamba na kivuli havihitaji gari la mita nane na nusu.

Mtaniuliza kama mume wangu sasa ni mpenzi wa mbwa. Hapana. Siku ya tano masharti yake yalibaki vile vile: vyombo mbali, kitanda juu, mswala kabatini. Chapati naye alibaki vile vile, njiani kwenye choo.

Lakini Machi 2025 Chapati alitimiza miaka minane, na aliyekumbuka kupiga simu Phoenix hakuwa mimi. Nilimsikia akiwa barazani, anaongea na mwanyumba wake, habari za kazi, habari za nyumbani. Halafu akauliza, "Na mzee hajambo? Kiyoyozi kinawaka?"